Mwaka Niliosema Rusabira Wamehama

Sifa aliingia kwenye nyumba ya kilio kule La Rochelle siku ya tatu ya msiba, mchana, akiwa na begi dogo la nguo na sweta nyepesi ambayo haikutosha kwa baridi ya Johannesburg ya mwezi wa saba. Sikuwa nimewahi kumwona kwa macho. Wanawake tuliokuwa jikoni tukichambua miba ya makayabu, samaki wa chumvi, tuliacha kazi mmoja baada ya mwingine, kwa sababu uso ule ulikuwa uso wa marehemu, ila umezeeka zaidi na kukaushwa na jua. Alikuwa dada mkubwa wa Mapendo, tumbo moja, na kwa zaidi ya miaka ishirini Mapendo alikuwa hataki hata kusikia sauti yake kwenye simu. Lerato, binti wa marehemu, alikuwa ameketi kwenye godoro la wafiwa sebuleni. Alimtazama, akaupokea mkono aliopewa, kisha akageuza uso ukutani. Hakuna aliyesogea ili mgeni apate pa kukaa. Kila mtu mle ndani alijua sababu: Sifa, muuguzi, aliuza chakula cha tiba cha watoto waliodhoofu, na mtoto wa kwanza wa mdogo wake akafa kwa kukikosa. Hivyo ndivyo walivyojua wote. Mbali na Sifa mwenyewe, mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba si kweli.

Alikuja mwenyewe jikoni, akavua viatu, akauliza kama kuna kazi. Nikamwambia, "Karibu dada, pole na safari." Akasimama akiwa ameshika ukingo wa meza. "Wewe ni Espe," akasema. "Sauti haikubadilika." Kisha akanikumbatia, mbele ya wale wanawake wote waliokuwa wamemnyima kiti, na mimi nikabaki nimeinua mikono yenye harufu ya samaki, nisijue niiweke wapi.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule niliofahamiana na sauti ya Sifa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimefika Johannesburg na masomo ya lishe niliyoyakatisha Bukavu vita vilipofika chuoni. Nilikaa Joubert Park, orofa ya saba, katika chumba kimoja tulichokigawa kwa mapazia. Upande wa dirisha alikaa Mapendo, kwa sababu alikuwa fundi cherehani na alihitaji mwanga. Upande wangu ulikuwa na godoro, sanduku, na jiko la umeme la sahani moja tulilolitumia kwa zamu. Mapendo alikuwa amemwacha mtoto wake wa kike, Nsimire, kwa bibi yake huko Rusabira, kijiji cha milimani juu ya Bukavu, akitumaini kumleta mambo yakitulia. Alikuwa akimshonea magauni na kuyakunja chini ya mto. Kila baada ya miezi michache aliyafumua ili kuyaongeza urefu, akikisia mtoto amefika wapi. Mimi nilisuka nywele kwenye saluni karibu na Park Station, na mikono yangu ilinuka mafuta ya nywele hata nikila.

Aliyenitoa saluni alikuwa Daktari Kabeya, mzee wa kanisani kwetu, mtu mpole aliyetembea na kalamu tatu mfukoni. Nchi yetu ilikuwa ikiandika mpango wa taifa wa kupunguza utapiamlo, na kwa kuwa mikutano ya nyumbani ilivunjika kila vita viliposogea, sehemu kubwa ya kazi ilihamishiwa huku, katika ofisi ndogo ya washauri pale Braamfontein ambayo yeye aliisimamia. Alihitaji mtu anayejua Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, tena aliyesoma lishe kidogo. "Mtoto wangu," aliniambia, "mpango ni karatasi tu, lakini maziwa yatakwenda pale karatasi itakaposema yaende." Nilimwitikia kwa kichwa. Nilikuwa nikifikiria kiti chenye magurudumu na dirisha la kutazama barabarani.

Kazi yangu ilikuwa kukusanya taarifa za vituo vya afya. Wauguzi walipima mikono ya watoto wadogo kwa ule utepe wenye rangi tatu: kijani mtoto yuko sawa, njano ameanza kudhoofu, nyekundu yuko hatarini. Walihesabu, wakatuletea majina ya vijiji na idadi, na sisi tukapanga ni maeneo gani yaingie awamu ya kwanza, yaani yapelekewe mapema maziwa ya tiba, siagi ya karanga iliyotiwa madini, na wauguzi wa kuongezea. Sharti lilikuwa moja: taarifa ya mwisho ifike kabla ya kikao cha kufunga, na ithibitishwe kwamba watu bado wapo. Rusabira hapakuwa na mtandao wa simu. Sifa, mkuu wa kituo pale, alikuwa akipanda kilima kwa zaidi ya saa moja, simu inalia mara moja na kukatika, na mimi nampigia. Mapendo ndiye aliyetuunganisha. "Huyo ni dada yangu," aliniambia akiwa ameuma pini mdomoni. "Umwandike vizuri."

Nilimpenda Sifa kwa sauti tu. Alikuwa akihema kwanza, halafu anacheka kwa sababu anahema, halafu anaanza kusoma. Alisema batu na batoto, kama tunavyosema sote kwetu, na kila akimaliza aliniuliza nimekula nini. Nikamwambia pap na maharage, akashangaa watu wa mji mkubwa namna hiyo kula ugali kama yeye. Siku moja alisema, "Nsimire ameingia njano. Usimwambie mama yake, ataacha kula." Sikumwambia. Siri hiyo ilinifanya nijione mtu mzima, mtu anayebeba mambo.

Lakini mwaka ule ulinibadilisha kwa namna nyingine pia, nayo ndiyo ninayoionea haya zaidi. Nilijifunza kuvaa blauzi nyeupe. Nilijifunza kusema Kifaransa kwa pua, kama watu wa mji mkuu. Nikipita mbele ya saluni niliyofanyia kazi nilivuka upande wa pili wa barabara. Ujumbe wa serikali ulipokuja kwa kikao cha kufunga, katika hoteli moja ya Sandton, nilipewa kazi ya kutafsiri, na mshauri mmoja wa kike wa ule ujumbe, mwanamke mrefu aliyenukia vizuri, akaniuliza kama nilizaliwa Kinshasa. Nikasema ndiyo. Neno moja tu. Akanishika mkono, akasema wizarani wanahitaji vijana kama mimi, nikae naye mezani mchana tuzungumze.

Ile meza naiona hata sasa. Vitambaa vyeupe vilivyokunjwa kama kofia, kuku wa kuchoma, wali wenye zabibu, bitiruti zilizokatwa nyembamba, na vyakula vitamu kwenye sahani za orofa tatu. Tulikuwa tumeshinda asubuhi nzima tukizungumzia watoto wasiokula, na tulikula vizuri sana. Nilikuwa nimejaza sahani na mshauri alikuwa akinisimulia nyumba aliyonayo huko Kinshasa, simu ya ofisi ikalia mara moja ndani ya mkoba wangu na kukatika. Nilijua ni Sifa. Ilikuwa siku yake, na ndiyo ilikuwa taarifa ya mwisho. Nilichotakiwa ni kusimama, kutoka hadi kwenye ngazi, na kumpigia. Lakini simu ya Rusabira haikuwa ya kunong'ona. Ilibidi upaze sauti, urudie kila neno, useme batu na batoto mpaka watu wageuke. Mlango ulikuwa hatua chache kutoka mezani petu. Mshauri akauliza, "Ni nani?" Nikasema, "Si kitu." Simu ikalia tena na kukatika. Nikaifunika kwa leso yangu. Ilipolia mara ya tatu, niliizima kabisa, nikachukua kijiko cha bitiruti.

Baada ya chakula tulirudi ukumbini, na Daktari Kabeya akaanza kusoma orodha ya awamu ya kwanza, eneo baada ya eneo. Alipofika kwetu akanitazama juu ya miwani. "Rusabira, tumepata?"

"Bado, Daktari."

"Bado maana yake nini? Wamepiga au hawajapiga?"

Mshauri alikuwa ananitazama. Kila mtu alikuwa ananitazama. Ningesema wamepiga, angeniuliza kwa nini sikupokea. Ningesema hawajapiga, angesubiri hadi kesho, kwa sababu alikuwa mtu wa namna hiyo, na kesho Sifa angesema alipiga. Mwezi ule kulikuwa na mapigano upande wa pili wa milima, kila mtu alikuwa amesikia redioni. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Watu wamehama, Daktari. Kituo kimefungwa."

Alivua miwani. "Wote?"

"Ndivyo nilivyosikia."

"Maskini," akasema, na akaonekana kuumia kweli. Kisha akachukua moja ya kalamu zake tatu, akapiga mstari, akaandika pembeni: wakazi wamehama. Haikumchukua hata dakika moja.

Watu wakikosa huwa wanasema walipitiwa. Mimi sikupitiwa. Kesho yake asubuhi, nikiwa peke yangu ofisini, Sifa alipiga na kukata, nami nikampigia. Alieleza kwamba jana alijaribu, mtandao labda ulikuwa mbaya. Nikakubali kwamba ulikuwa mbaya. Akasoma taarifa yote, pole pole, jina la kijiji na idadi, akianza na wekundu, na Nsimire sasa alikuwa miongoni mwao. Niliandika kila kitu kwa mwandiko safi. "Umeandika, dada?" "Nimeandika." "Aksanti sana. Mungu akubariki." Karatasi ile niliitia kwenye droo. Mpango ulikuwa unakwenda kupigwa chapa baada ya siku tatu. Chumba cha Daktari kilikuwa ng'ambo ya korido, mlango wazi, namsikia akikohoa. Ningeingia nikasema, nilikosea, wapo, hii hapa taarifa. Angenikaripia, labda angenifukuza, na angerudisha jina la Rusabira kwa kalamu ile ile. Siku tatu nilipita mbele ya mlango ule. Siku ya nne vitabu vilikuwa vimekwisha kwenda kwa mpiga chapa.

Na Mapendo alikuwa akiniuliza kila jioni nikivua viatu, "Rusabira imeingia?" Jioni ya kikao nilimwambia, "Imeingia. Nimeiona kwa macho yangu." Alishuka orofa saba kwa miguu, kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu, akanunua sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na mawese kwa Mama mmoja wa chini, akapika sufuria kubwa, akawaita majirani wa korido nzima. Alicheza huku ameshika mwiko. Alinipa mimi sehemu iliyokuwa na samaki wengi. Nilikula.

Maziwa yalifika eneo la jirani baada ya miezi kadhaa. Sifa alishuka mlimani kuulizia ya kwao, na ofisa wa ghala akamfungulia kitabu, akamwonyesha mstari uliosema wakazi wamehama. Nsimire alikufa wiki chache baadaye. Alipata surua juu ya ule udhaifu. Nimejiuliza mara nyingi kama maziwa yangemwokoa, na sijui. Nilisoma lishe vya kutosha kujua kwamba mtoto mwenye nguvu huivuka surua mara nyingi, na sikusoma vya kutosha kujifariji.

Habari zilikuja Jumapili mchana, tumetoka kanisani. Nilikuwa upande wangu wa pazia, nikasikia Mapendo akipiga yowe moja, halafu akianza kuuliza maswali kwa sauti ya chini iliyonitisha kuliko yowe. "Maziwa yalikuwa wapi? ... Hayakufika? Yalikwenda wapi basi? ... Nani anasema mlihama? Muongo wewe! Rafiki yangu aliona kwa macho yake, anafanya kazi pale! Mumeuza! Sifa, mumeuza chakula cha mutoto wangu!" Akafungua pazia kwa nguvu. Alikuwa na simu mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika gauni la njano ambalo pindo lake alikuwa amelifumua wiki ile. "Espe, niambie. Uliona au hukuona?"

Nilikuwa nimekaa kwenye sanduku langu. Nikasema, "Niliona."

Akakata simu. Hakuongea tena na dada yake mpaka alipokufa.

Mshauri aliondoka, na barua aliyoniahidi haikuja. Ofisi ilifungwa kazi ilipokwisha. Nikarudi saluni, na baadaye Mapendo akanifundisha cherehani; tukafungua duka la ushonaji pamoja, tukahamia kusini, yeye La Rochelle, mimi Rosettenville. Alipata Lerato. Nilikuwepo hospitali siku ile, mimi ndiye niliyemwosha mtoto. Tumekula pamoja maelfu ya mara. Mara kwa mara, tukishona, alikuwa akisema, "Damu yangu mwenyewe, Espe. Mgeni angeniuzia ningeelewa." Nami nikiendelea kukanyaga mashine. Alipougua mwaka huu nilikaa kando ya kitanda chake wiki nzima. Kuna alasiri tulikuwa wawili tu, ana fahamu zake, amenishika kidole. Nilifungua mdomo. Nikamuuliza kama anataka maji.

Asubuhi baada ya kufika kwake, Sifa alinikuta uani nikisugua masufuria ya msiba. Akakunja mikono ya sweta, akaanza kusuuza ninayoyasugua. Alinieleza habari za Rusabira, nani yupo, nani alikwenda migodini, kwamba amestaafu. Halafu akasema, bila kubadilisha sauti, "Kuna jambo nilitaka kukuuliza siku nyingi, maana wewe ulikuwa ndani. Mapendo hakunipa nafasi. Kile kitabu kilisema batu ya Rusabira tulihama. Siye hatukuhama hata siku moja. Nilikupa taarifa, ukaandika. Ni nani aliyesema tulihama?"

Daktari Kabeya alikwisha kufa zamani. Ningeweza kumtaja. Jina lake lilinijia kabisa mdomoni, Mungu anisamehe. Nikaliweka chini sufuria nililokuwa nimeshika.

"Ni mimi, dada."

Hakuelewa mara moja. Nikamweleza yote: meza, simu, leso, droo. Nilivyokuwa nikieleza aliendelea kusuuza kifuniko kimoja, kimekwisha takata, bado anakisuuza. Mwishoni akasema, "Siku ile nilikuwa na homa. Nilipanda na homa." Kisha, "Mapendo alijua?"

"Hapana."

"Mpaka anakufa?"

"Mpaka anakufa."

Alifuta mikono kwenye kitenge chake, akanishika juu ya kiwiko, kwa nguvu ya muuguzi, akaniingiza ndani, akanipitisha katikati ya wanawake hadi chumbani alikokuwa Lerato akiandika ratiba ya maziko na mchungaji. Alimwomba mchungaji atupishe. "Mwambie," akasema. "Kwa lugha anayoielewa."

Lerato Kiswahili anakisikia, lakini huongea Kiingereza na Kizulu. Nilimwambia kwa Kiingereza. Lugha yenyewe ilinibana. Sikuwa na maneno ya kupambia. Aliposikia sehemu ya jioni ya sombe alifunika mdomo. Nilipomaliza aliuliza swali moja. "Ile wiki ya hospitali, ulikuwa naye peke yako. Kwa nini hukumwambia?"

"Niliogopa."

"Alikuwa anakufa. Uliogopa nini?"

Lerato akasimama, akapita kando yangu, akamshika Sifa mkono, akamtoa hadi sebuleni, na mbele ya waombolezaji wote akamwambia kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, "Mama mkubwa, kaa hapa." Akamketisha kwenye godoro la wafiwa, upande wa kulia, pale ambapo siku tatu nzima nilikuwa nimekaa mimi.

Nilikuwa nimepangiwa kusoma wasifu wa marehemu. Katika ratiba iliyochapwa Jumamosi jina langu halikuwepo, alisoma mchungaji. Makaburini nilisimama nyuma na majirani na wateja wa duka. Sifa na Lerato walitupa udongo pamoja. Sifa hakuniambia amenisamehe wala hajanisamehe, na siku ya kuondoka hakunipitia. Nasikia kwa watu kwamba sasa yeye na Lerato wanaongea kila Jumapili, na kwamba Kiswahili cha Lerato kimekuwa kizuri, ila kina batu na batoto nyingi, na Watanzania wa Mayfair wanaomuuzia vitambaa wanamcheka.

Juzi nilikutana na Lerato kwenye robot, taa za barabarani, pale Rosettenville, sote tunasubiri kuvuka. Tangu alipojua kutamka alikuwa akiniita mama mdogo. Alinigeukia, akainamisha kichwa kidogo kwa adabu aliyofundishwa na mama yake. "Habari za asubuhi, madame," akasema. Nikamjibu nzuri. Taa ikawaka kijani, naye akatangulia kuvuka.